Debe la Mahindi na Jina la Osward

Siku tuliyomzika Osward, nusu ya waombolezaji hawakujua wanamzika nani. Waliotoka mjini kwa Hiace mbili walikuja kumzika Gaudens, fundi wa maabara ya kompyuta waliyefanya naye kazi miaka mingi. Walipofika makaburini wakakuta msalaba umeandikwa Osward, na mwalimu mmoja mnene akanisogelea akaninong'oneza, "Madam, tumekosea msiba?" Nikamwambia hatujakosea, asogee mbele akatupie udongo. Watu wa kijijini kwao, upande wa Kaengesa, walimjua Gaudens mmoja tu, kaka mkubwa wa marehemu aliyefariki zamani akiwa kijana, na kaburi lake lilikuwa palepale, hatua tatu kutoka kwenye shimo jipya. Ukimtoa mama yao, nadhani mimi ndiye pekee niliyekuwa naelewa vizuri kwamba mtu aliyezikwa siku ile alikuwa na majina mawili, na kwamba kati ya hayo mawili hakuna hata moja lililowahi kumfaidisha.

Baada ya mazishi mama yake aliniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na wanawake waliomzunguka wakatupisha. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono na hakuuachia. "Mwalimu," akasema, "mwanangu aliniambia jina lake limo ndani ya kompyuta za dunia nzima. Akasema wewe ndiye uliyeliandika. Ni kweli?" Nikasema ni kweli, mama. "Basi siku ya arobaini uniletee hiyo karatasi yenye jina. Mimi picha yake ya maana sina. Ile ya kitambulisho ina jina la mwenzake." Nikasema nitaleta. Sijui kama kuna neno jingine ningeweza kusema mbele ya mama aliyetoka kumzika mtoto wake wa pili, lakini najua nililisema haraka mno.

Arobaini ilikuwa leo asubuhi. Naandika haya saa tisa alasiri kwenye gesti ya Majengo, hapa mjini, chumba chenye dirisha linalotazama duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka tangu nifike anagombana na mteja kuhusu bati. Kwa atakayesoma bila kujua kompyuta, nieleze mapema ili asipotee. Ndani ya kila kompyuta kuna kifaa kinachoiunganisha na mtandao, tunakiita kadi. Kadi haijui lugha ya kompyuta wala kompyuta haijui lugha ya kadi, kwa hiyo panahitajika programu ndogo ya kuzisikilizanisha, na hiyo ndiyo draiva. Baadhi ya draiva zimeandikwa na watu wanaojitolea, wamesambaa duniani kote, na maandishi yake yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kupeleka marekebisho yake kwa mtunzaji wa draiva hiyo. Marekebisho wanayaita kiraka. Kiraka kikikubaliwa kinaingia kwenye kompyuta zote zinazotumia draiva hiyo, na jina la aliyekishona linaandikwa. Hilo ndilo jina alilokuwa analisema mama. Mwaka mmoja wa ujana wangu ulikwenda kwenye kiraka kimoja, na kila nilichopata baadaye kimetokana nacho.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu mpya wa hesabu katika shule moja nje kidogo ya mji, mbali na kijiji cha akina Osward, na kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote nikabebeshwa na somo la kompyuta. Kompyuta kumi zilikuja kwa lori lililoingilia mpaka wa Kasesya, zimetumika, zimefungwa kwa magodoro ya sponji. Tukapewa chumba kilichokuwa stoo ya mbolea. Kilipigwa deki mara nne na bado ukifungua mlango harufu ya mbolea ilikukaribisha kabla Gau hajakukaribisha. Gau ndiye Gaudens, kwa maana nilimjua kwa jina hilo. Fundi mwembamba, sweta moja la kijani mwaka mzima, mwenye tabia ya kusikiliza kifaa kwa kukiwekea sikio. Baridi ya Ufipa ilikuwa inatuuma mle ndani mpaka tukawa tunapokezana kukaa karibu na kompyuta iliyokuwa inapata joto zaidi. Mkuu wa shule alitupa sharti: kompyuta zote kumi ziingie kwenye mtandao kabla ya mwisho wa mwaka, vinginevyo chumba kinarudi kuwa stoo na fundi anarudi alikotoka. Kwangu hilo lilikuwa usumbufu tu, ningeendelea na hesabu zangu. Kwa Gau ulikuwa mshahara wake wote.

Tatizo lilikuwa kadi. Zilifanya kazi vizuri, halafu ghafla zinanyamaza, bila kosa lolote kuandikwa, na haziamki mpaka uzime kompyuta uwashe upya. Kuzibadilisha haikuwezekana, zilikuwa zimechomelewa humohumo kwenye ubao wa ndani wa kompyuta. Mimi nikasema ni virusi, kwa sababu siku zile kila nisichokijua nilikiita virusi. Gau hakubishana. Alichukua daftari la mraba, akakaa dirishani, na kwa muda wa wiki mbili nilimwona anaandika saa na dakika tu, nikadhani anakwepa kazi. Siku moja alikuja jikoni nilikokuwa nakula makande na wapishi, akasimama mlangoni na daftari lake.

"Madam, si virusi. Ni Mama Kristina."

Mama Kristina alikuwa mwenye mashine ya kusaga iliyopakana na uzio wa shule. Nikamuuliza amefanya nini. "Amewasha mashine," Gau akasema, na wapishi wakaangua kicheko. Lakini ilikuwa ni hivyo. Umeme wetu ulitoka Zambia na ukitufikia ulikuwa umeshachoka. Mashine ya kusaga ilipoanza kuzunguka, taa zilififia kidogo, muda wa kupepesa jicho, na kompyuta zenyewe hazikuzimika. Kadi ndizo zilizopotewa na fahamu. Zilibaki zinajidhania ziko kazini, draiva nayo inazidhania ziko kazini, na hakuna kinachopita. Daftari lilionyesha: kila mashine ilipowashwa, kadi mbili au tatu zilinyamaza. Mtu aliyeandika draiva ile huko kwao hakuwahi kuliona jambo hilo, maana kwao umeme haufifii kwa sababu jirani anasaga mahindi.

Kulijua tatizo ni jambo moja. Kila jaribio la kulitibu lilihitaji mashine iwashwe. Na Mama Kristina hakuwa mtu wa kuwasha mashine kwa kuombwa. Kuiwasha kulimlia umeme mwingi, kwa hiyo alisubiri madebe yafike sita kwenye foleni, na yakifika manne anasimama mlangoni anaangalia barabara. Basi tukawa tunapeleka debe. Tukitaka kujaribu, Gau anabeba debe la mahindi ya stoo ya shule, mimi nakaa na kompyuta. Na siku ambayo foleni ilikuwa fupi tulibeba mawili, moja kila mtu, na kompyuta tunaiachia iandike yenyewe. Muhula ule wanafunzi walikula ugali mwingi uliosagwa kwa ajili ya utafiti. Wanawake kwenye foleni hawakunyamaza. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Huyu madam na fundi wake kila siku wana debe. Kama ni uchumba wangesema tu, watu tusage kwa amani." Mama Kristina akajibu kwamba walimu wanakula sana, ndiyo maana hawanenepi. Nilicheka siku ile. Nikikumbuka sasa hivi nasikia uchungu, kwa sababu yalikuwa ndiyo maisha mazuri kuliko yote niliyowahi kuishi na niliyachukulia kama foleni ya kupita.

Aliyekuwa anaandika msimbo, yaani maneno na namba za draiva yenyewe, alikuwa Gau. Niseme wazi, maana nimekaa miaka mingi bila kulisema wazi. Mimi nilijua Kiingereza na nilikuwa na anwani ya barua pepe. Yeye alichapisha draiva nzima, kurasa arobaini na kitu, akazibandika kwenye kuta za chumba chake kwa uji wa ngano, akawa analala katikati yake na kalamu nyekundu. Wazo lake lilikuwa rahisi: draiva isiiamini kadi. Kila baada ya sekunde chache iichungulie kama kuna kilichopita, na ikiona kimya, iizime kadi kabisa, isubiri, kisha iiamshe upya kama inavyoiamsha asubuhi. Kazi ngumu ilikuwa kwenye kule kusubiri. Draiva ikisubiri milisekunde hamsini, kadi haikuamka. Mia moja, iliamka siku moja ikakataa siku mbili. Mia tatu, karibu theluthi ya sekunde, iliamka kila mara. Kuipata mia tatu ile tulisaga madebe kumi na saba.

Kila Jumamosi nilikuja hapa Majengo, kwenye kafe ya intaneti yenye viti vya plastiki, nikapiga chapa yote tuliyoandika kwenye daftari na kumtumia mtunzaji wa draiva. Gau alikuwa ameamua kwamba mtunzaji ni mzee, kwa jinsi msimbo wake ulivyokuwa na subira, na hakuniruhusu nianze barua bila kumpa shikamoo na kumuuliza habari za nyumbani na mvua. Majibu yalikuja mstari mmoja au miwili, bila hata habari za asubuhi, na Gau alihuzunika. "Labda anaumwa," alisema. Mtunzaji aliuliza tatizo linazalishwaje. Nikaandika: peleka debe la mahindi kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Alijibu kwamba hana muda wa mizaha. Ilibidi nimweleze kwa ukurasa mzima, umeme, foleni, madebe sita, na wiki mbili hakujibu. Halafu siku moja ikaja barua ndefu kuliko zote. Alikuwa ametafuta mashine ya kuchezea umeme, ameufifisha kama tulivyoeleza, na kadi yake imenyamaza mbele ya macho yake. Mwishoni akauliza habari za mahindi. Nilimchapia Gau barua ile na aliisoma amesimama uani, akairudia, kisha akaenda kumwonyesha Mama Kristina, ambaye aliuliza kama mzungu huyo naye ana debe la kuleta.

Mtunzaji alisema kiraka atakichukua. Kulibaki jambo moja, mstari wa chini kabisa, ambao kila anayeleta kiraka lazima auandike: jina lako halisi, ukithibitisha kwamba kazi ni yako. Jina la utani halikubaliki. Siku ya pili yake mchana nilikwenda na karatasi hiyo chumbani kwa Gau, nyuma ya bweni, nikiwa na furaha ya kumpelekea. Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea. Nilifika mlangoni nikamsikia ndani anasema, "Osward, hizi karatasi ukutani ni sala za nani?" na sauti ya Gau ikaitikia kama mtu anavyoitikia jina lake la kila siku. Nikabisha hodi. Mama akanyamaza mara moja na kuanza kumwita "baba". Wakanikaribisha chakula. Ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, sahani moja, na wote watatu tukawa tunaangalia sahani. Mama akatoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado na chakula.

"Umesikia," Gau akasema.

"Nimesikia."

Akanieleza akiwa ameangalia ukuta wenye karatasi. Gaudens alikuwa kaka yake. Alimaliza kidato cha nne akafaulu vizuri, akafariki kabla majibu hayajabandikwa. Cheti kilikuja nyumbani mwenyewe hayupo. Osward alikuwa ameishia darasa la saba, na baba yao akakitazama kile cheti kwa muda wa mwaka mzima, kisha akampa. Alisoma chuo cha ufundi kwa jina hilo, akaajiriwa kwa jina hilo. "Sasa huyo mzee anataka jina halisi," akasema. "Nikiandika Gaudens, nimempa marehemu kazi ambayo hakuifanya. Mimi nimeshamchukulia cheti, Madam, na sasa nimbebeshe na hii? Nikiandika Osward, siku Mkuu akilisoma ataniuliza Osward ni nani. Nitasema nini?"

Nikakaa kimya.

"Andika lako," akasema. "Barua ni zako, anwani ni yako. Siku nikiwa huru utalibadilisha, utaweka Osward. Utaliweka?"

"Nitaliweka."

"Hilo tu ndilo ninalolitaka. Cheti ni cha kaka, kazi ni ya kaka, hata mshahara unaandikwa kwa kaka. Hii mia tatu ni ya kwangu."

Nimekirudia kimya changu kile mara nyingi. Mkuu wa shule hangelisoma jina lile. Hakuna mtu wa shule ile, wala wa wilaya ile, ambaye angefungua maelfu ya mafaili ya msimbo ili akague nani kaandika nini. Mkuu mwenyewe alikuwa anakiogopa hata kipanya cha kompyuta. Nilijua hakuna atakayesoma. Ilikuwa sentensi moja tu, na ningeisema Osward angeandika jina lake siku ileile na kuogopa wiki moja, kisha angesahau. Sikuisema kwa sababu nililitaka lile jina liwe langu. Sikuwa na njaa, sikuwa na shida, nilikuwa msichana mwenye digrii aliyechoka kunusa mbolea. Jumamosi nikaja Majengo nikaandika Skolastika na ukoo wangu kwenye mstari wa chini, nikathibitisha kwamba kazi ni yangu, na nikitembea kurudi stendi nilikuwa na furaha kweli.

Chumba chetu kiliingia mtandaoni mwezi wa kumi na moja, kompyuta zote kumi, mashine ikisaga na isiposaga. Mkuu alikuja akapiga picha. Mtandao wenyewe ulidumu muhula mmoja, ukakatwa, haukurudi, na mbolea ikarudishwa mle ndani kidogokidogo, gunia moja kwanza kwenye kona. Kwa hiyo mwaka mzima wa madebe uliwapa wanafunzi wetu muhula mmoja. Gau hakufukuzwa, walimwachia funguo na kazi ya kubadilisha balbu. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliona jina langu kwenye draiva wakaniita kwenye usaili, na mmoja wa waulizaji, kijana mwenye miwani, akaniuliza, "Kwa nini mia tatu?" Nikawasimulia Mama Kristina na madebe kumi na saba. Walicheka wakapiga meza. Kila pahali Gau aliposema au kufanya kitu, nikasema nilifanya. Nilipata kazi ile, na nyingine baada yake, na hadithi ya debe nimeisimulia kwenye mikutano ya Nairobi na Kigali, imenoga zaidi kila mwaka.

Draiva nayo iliendelea kuishi maisha yake, na nilikuwa naichungulia kama mtu anavyochungulia ukurasa wa mchumba wa zamani. Mtu mmoja alirekebisha tahajia kwenye maelezo. Mwingine akaihamishia kwenye folda nyingine, mwingine akabadilisha majina ya vipengele ili yafanane na draiva zingine. Mwaka mmoja mtu mwenye haraka akaona mia tatu ni nyingi, akaishusha mpaka mia moja. Miezi haikupita mingi, mtu wa mji fulani wa milimani huko Asia akalalamika kwamba kadi zinanyamaza umeme ukififia, wakairudisha mia tatu. Nilitamani kumpigia Gau siku hiyo nimwambie amepata ndugu wa foleni moja. Sikumpigia. Mtunzaji aliandika kwamba anastaafu, akataja watu watatu aliofurahi kufanya nao kazi na mimi nikiwa wa pili, akauliza tena habari za mahindi. Baada ya hapo marekebisho yakawa machache, halafu yakawa ya jumla tu, ya watu wanaosafisha mafaili yote kwa mpigo bila kujua kadi yenyewe ni ipi.

Uhakiki wa vyeti ulipopita kwa watumishi, Gau hakusubiri kuitwa. Aliweka funguo mezani, akarudi kijijini, akawa analima maharage na kutengeneza mota za mashine za kusaga. Alinipigia kwa simu ya vitufe, na upepo ulikuwa unapuliza kwenye kipaza sauti. "Madam, habari za siku? Sasa niko huru," alisema. "Gaudens wamemfuta. Unaweza kuliweka lile jina." Nikasema poleni sana, nitalishughulikia. Ilikuwa barua ya nusu saa. Lakini kuiandika kulimaanisha kukiri kwamba uthibitisho wangu ulikuwa uongo, na wakati huo nilikuwa na watu sita chini yangu na kibao mlangoni. Mwaka ukapita, akapiga tena. Hakunishutumu, aliuliza tu, kama mtu anayeulizia mzigo aliotuma kwa basi. "Madam, ulifanikiwa kulibadilisha?"

"Ndiyo, Gau. Limo."

"Osward?" akauliza.

"Osward."

Nikasikia anamwambia mtu aliye karibu naye, kwa Kifipa, na sauti ya mama ikapiga kigelegele. Hakuwa na kompyuta ya kuhakikisha, wala sidhani kama angehakikisha hata angekuwa nayo. Alifariki mwaka huu kwa ugonjwa wa ini, akiamini neno langu.

Niliporudi kutoka mazishini niliiandika ile barua. Niliandika kila kitu, kimya changu pamoja nacho, nikaomba jina langu liondolewe na la Osward liwekwe. Jibu lilikuja siku ya pili, kutoka kwa kijana anayesimamia draiva nyingi za zamani. Aliandika kwa adabu. Draiva hiyo iliondolewa yote kwenye toleo lililopita, alisema, kwa sababu kadi hizo hazitengenezwi tena na hakuna aliyejitokeza kusema bado anazitumia. Faili la kurekebisha halipo. Matoleo ya zamani yamehifadhiwa, lakini kilichohifadhiwa hakibadilishwi kwa sababu yoyote, wala majina. Akasema pole kwa rafiki yako. Chini aliambatanisha tangazo walilotuma miezi saba kabla, kwa watu wote wenye majina ndani ya faili, likiuliza kama kuna mwenye la kusema kabla halijafutwa. Nilikuwa nimelipata. Nakumbuka nililiona nikiwa kwenye foleni ya benki nikalipita. Osward alikuwa hai.

Kwa hiyo jina langu litakaa kule daima, na lake halitaingia. Jana, kabla ya kupanda basi, nilichapisha ukurasa wa zamani wenye mistari yake, mia tatu ikiwa katikati, na mstari wa jina. Ningeweza kufuta Skolastika na kuandika Osward, ni kazi ya dakika moja, kompyuta haioni aibu. Sikufanya, na nilijisifu kwa hilo njia nzima. Nilijipangia maneno: nitamwambia mama ukweli, nitapiga magoti, anitukane, anifukuze, basi. Tulipopita Laela nilikuwa nimeshayajua kwa moyo.

Leo baada ya misa ya arobaini akaniita ndani, kwenye mkeka uleule. Amekonda. Nikampa bahasha. Akaitoa karatasi taratibu, akaigeuza upande mmoja na mwingine, maana hajui kusoma, kisha akaiweka juu ya kanga na kuilainisha kwa viganja vyote viwili. Kwa nje vijana walikuwa wanagawa pilau. Nikafungua mdomo kuanza yale maneno niliyoyajua kwa moyo.

"Ni wapi, mwanangu?" akauliza. "Nionyeshe ni wapi, nipaguse."

Nikamshika kidole. Nikakipeleka chini ya ukurasa, nikakiweka juu ya jina langu.

"Hapa, mama."

Akakaa amekiweka pale, analisugua lile jina polepole. "Osward," akalisoma. Akasema alikuwa anaogopa atakufa bila kuliona. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaifungia kwenye pindo la kanga, akanishukuru mpaka nikaona aibu inanipanda mpaka kwenye masikio. Nikasema nawahi gari. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni alinipigia kelele kutoka ndani, kwa furaha, kwamba karatasi hii hataificha, atampa katekista aisome kanisani mbele ya watu wote.

Kesho ni Jumapili.